Ugonjwa wa SS, shahidi wa mageuko ya viumbe

Huku kwetu, mazungumzo juu ya mageuko ya viumbe yanaishia karibu kila mara kwa swali lilelile: « Basi babu yako alikuwa nyani? » Watu wanacheka, na habari inafungwa. Ni hasara, kwa sababu ushahidi mmoja wenye nguvu uko ndani ya damu yetu wenyewe, na kutoujua kunatugharimu watoto.

Ninasema juu ya ugonjwa wa SS, drepanositozi, ambao majirani wetu wa Tanzania wanauita selimundu. Unatokana na badiliko moja dogo katika jeni ya hemoglobini. Mtoto aliyeipokea jeni hiyo kwa baba na kwa mama anakuwa SS: chembe za damu yake zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa, mifupa inamuuma vikali, damu inapunguka. Aliyeipokea kwa mzazi mmoja tu ni AS, na mara nyingi anazeeka bila kujua.

Jeni inayoua watoto namna hii ingepaswa kupungua kizazi baada ya kizazi. Mbona katika sehemu nyingi za RDC inabebwa na watu 20 au zaidi kwa kila 100?

Jibu lilitolewa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Alipopima damu za watu wa nchi hiyo, aliona kwamba pwani na karibu na Ziwa Victoria, kwenye malaria nyingi, wenye jeni hiyo walipita 20 kwa 100. Kwenye milima ya baridi hawakufika hata 1. Huko Uganda, watoto AS walikutwa na vimelea vya malaria mara chache kuliko wenzao. Kwa hiyo malaria iliwapunguza watoto AA, wale wa SS waliuawa na ugonjwa wao, na AS wakabaki, wakakua, wakazaa. Hayo ndiyo mageuko. Hakuna nyani aliyeamka asubuhi moja akajikuta mtu! Jeni hiyo iko pia Uarabuni, India na Ugiriki, kwenye historia ndefu ya malaria.

Kuna atakayesema kwamba hilo halionyeshi undugu wa mtu na sokwe. Ni kweli, peke yake halionyeshi. Lakini bonobo, anayeishi RDC tu, ana jozi 24 za kromosomu, sisi 23, na kromosomu yetu ya pili ina alama wazi kwamba zilikuwa mbili zikaungana. Tena hakuna mwanasayansi anayesema tulitoka kwa bonobo. Wanasema yeye na sisi tuna babu mmoja wa zamani sana.

Mimi ninashikilia SS, kwa sababu huko ndiko watu wanazika. Familia ngapi bado zinasema mtoto amerogwa, na shangazi au mama mzee wa nyumba anafukuzwa? Wachumba wawili wakiwa AS, kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto SS. Makanisa mengi yanaomba wachumba kipimo cha SIDA kabla ya kuwafungisha ndoa. Yakiomba pia elektroforezi ya hemoglobini, wachumba watayajua hayo kabla ya mahari kutoka, siyo baada ya kaburi la pili.