Mama Aliyefuatana na Mwanawe hata Paris

Jina la Wolfgang Amadeus Mozart, yule fundi wa muziki aliyezaliwa Salzburg mwaka wa 1756, limesikika katika nchi nyingi. Lakini habari za safari zake na wazazi wake hazijulikani na wengi, nazo zafaa kujulikana, hasa kwa kijana ye yote anayetazamia kumpeleka mama yake nchi ya kigeni.

Safari yake kubwa ya kwanza ilianza mwezi wa Juni, 1763. Wolfgang alikuwa na umri wa miaka 7, na dada yake Maria Anna miaka 11. Baba yao, Bwana Leopold, alikuwa mpiga fidla katika utumishi wa Askofu Mkuu aliyetawala Salzburg, naye alitaka wakuu wa Ulaya wawaone watoto wake. Basi wakaondoka, baba na mama na watoto wawili, katika gari la farasi. Hata hawajafika mbali gurudumu likavunjika, ikawa lazima kungoja katika mji wa Wasserburg mpaka litengenezwe. Bwana Leopold hakukaa kununa. Alimchukua mtoto kanisani, akamweleza jinsi kinanda kikubwa kinavyopigwa kwa miguu. Na mtoto akakisukuma kiti kando, akasimama akapiga kana kwamba amejifunza miezi mingi.

Safari ile ilichukua karibu miaka mitatu na nusu. Watoto walipiga muziki mbele ya Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, na mbele ya Mfalme George wa 3 wa Uingereza, wakapewa saa na vikasha vya ugoro. Taabu pia hazikukosa. Huko London, mwaka wa 1764, baba aliugua sana, wakahamia Chelsea, ambayo zamani zile ilikuwa nje ya mji, na watoto wakakatazwa kugusa kinanda ili mgonjwa apate utulivu. Wolfgang, kwa kukosa kazi, akaandika simfoni yake ya kwanza. Huko Uholanzi mwaka uliofuata dada yake alishikwa na homa kali hata akakaribia kufa, kisha ikamshika Wolfgang mwenyewe. Lakini wote wanne walirudi nyumbani salama mwezi wa Novemba, 1766. Hesabu ya fedha, barua, nyumba za kulala na dawa, mambo hayo yote yalikuwa juu ya kichwa cha baba.

Safari ya pili inayohusika hapa ilianza tarehe 23 Septemba, 1777. Sasa Wolfgang alikuwa kijana wa miaka 21, naye alikuwa akitafuta kazi iliyo bora kuliko ile ya Salzburg. Bwana Leopold hakuweza kuacha mshahara wake, wala hakumwamini mwanawe aende peke yake. Basi akamtuma mkewe, Bibi Anna Maria, aliyekuwa na umri wa miaka 56. Labda hilo ndilo lililokuwa kosa, kwa maana huyo mama alipewa kazi ya kumlinda mtu mzima ambaye hakutaka kulindwa.

Munich hakuna kazi. Wakaenda Mannheim, wakakaa majira yote ya baridi; walingoja jibu la mtawala wa nchi ile, na jibu lenyewe likawa hapana. Kuni zilikuwa ghali, na mama alikaa chumbani akisikia baridi, huku kijana akizunguka kwa rafiki zake wanamuziki. Bwana mmoja alimwahidi gulden 200 kwa nyimbo za filimbi, lakini kwa kuwa hazikutimia akampa 96 tu. Tena Wolfgang akampenda msichana mwimbaji, Aloysia Weber, akataka kufuatana na jamaa yake mpaka Italia. Mama hakuthubutu kumpinga usoni. Mwezi wa Februari, 1778, kijana alipokuwa mezani akila, aliongeza maneno kwa siri katika barua ya kwenda kwa baba, kumweleza hatari hiyo. Jibu la Bwana Leopold lilikuja kali: nenda Paris upesi!

Shauri la kwanza lilikuwa kwamba mama arudi nyumbani. Badala yake alifuatana naye, wakafika Paris tarehe 23 Machi. Chumba chao cha kwanza kilikuwa cha giza, kikielekea uani, hata mama hakuweza kujua hali ya hewa huko nje; na ngazi zilikuwa nyembamba hata kinanda hakikuweza kupandishwa. Kwa hiyo Wolfgang alikwenda kufanya kazi kwa watu, na mama akakaa peke yake mchana kutwa kama mfungwa. Hakujua Kifaransa. Mzazi akiwa kwake hupita jirani, huuliza hali, huomba chumvi. Lakini ugenini mlango ukifungwa umefungwa, na mtoto arudiye jioni amechoka hafikiri kwamba aliyebaki ndani amechoka zaidi.

Baadaye walipata nyumba iliyo afadhali. Tarehe 18 Juni simfoni mpya ya Wolfgang ilipigwa mbele ya watu, wakashangilia sana, naye kwa furaha akaenda kula barafu tamu. Siku ile ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa mama yake kuwa nje ya kitanda. Kesho yake alishikwa na maumivu ya kichwa, kisha homa. Hakuwataka waganga wa Kifaransa, alimtaka Mjerumani, na siku zikapita kabla hajapatikana. Alipokuja, alikuwa mzee wa miaka kama 70, akatoa unga wa dawa katika mvinyo. Bibi Anna Maria alifariki usiku wa tarehe 3 Julai, 1778, akazikwa kesho yake katika parokia ya Saint-Eustache.

Usiku ule ule Wolfgang aliandika barua mbili. Ya baba yake ilisema kwamba mama ni mgonjwa sana. Ya pili, kwa padre Bullinger, rafiki wa nyumba yao, ndiyo iliyosema kweli, ikimwomba aende akamtayarishe mzee taratibu. Barua zilifika Salzburg tarehe 13 Julai. Bwana Leopold alikuwa ameanza kumwandikia mkewe salamu za sikukuu ya jina lake, ambayo ilikuwa tarehe 26, na karatasi hiyo ilikuwa haijamalizika. Alasiri wageni walikuja kumfariji kwa habari ya ugonjwa. Walipokwenda zao, Bullinger alibaki nyuma.