Udongo wa Mabanda ya Kuku Upimwe

Kila kundi la kuku wa nyama linapouzwa, mfugaji hukwangua maranda bandani, akayajaza kwenye magunia na kuwauzia wakulima wa mchicha. Ni mbolea nzuri. Ila ndani yake mna shaba na zinki zilizotiwa kwenye chakula cha kuku, kwani sehemu kubwa ya madini hayo hutoka na kinyesi. Kinyesi huoza, metali haiozi. Bustani inayomwagiwa samadi hiyo mwaka hadi mwaka hulimbikiza metali hizo, na mfugaji anayetia mrututu (chumvi ya shaba) kwenye maji kila kuku wakizubaa huzizidisha.

Marekani imeyaona haya. Tangu 1944 kuku waliruhusiwa kupewa roksasoni, dawa yenye aseniki, wasihare damu na wanenepe upesi. Samadi yao ilitapakazwa mashambani, hasa rasi ya Delmarva. Mwaka 2009 vyama vya kiraia viliiandikia mamlaka ya chakula na dawa kudai dawa hiyo ifutwe. Mwaka 2011 mamlaka yenyewe ilikuta aseniki ya sumu kwenye maini ya kuku, mauzo yakasimamishwa, na idhini ikaondolewa 2013. Karibu miaka 70!

Metali haitoki kwenye chakula cha kuku pekee. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ilikuwa risasi, metali iliyotoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Wakazi waliungana, wakashinda kesi mwaka 2020, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarejesha fidia yao ya shilingi bilioni 1.3. Kuku akidonoa udongo wa namna hiyo, risasi huingia kwenye kiini cha yai, na yai hupewa mtoto ambaye ubongo wake bado unakua.

Kipimo cha udongo ni ghali kwa mtu mmoja, hivyo wafugaji wa mtaa wachangishane. Udongo uchotwe sehemu kama kumi, kina cha shubiri, uchanganywe kwenye ndoo ya plastiki (karai la bati lina zinki, litaharibu majibu), kisha nusu kilo ipelekwe maabara: chuo kikuu cha SUA Morogoro, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, au taasisi ya utafiti wa kilimo ya KALRO kwa Wakenya. Waulize waziwazi kuhusu risasi, kadimi, shaba na zinki.

Majibu yasomwe kwenye mkutano wa mtaa. Anayeyeyusha betri uani azuiwe, hata akiwa jirani mwema. Gunia la chakula lisiloandikwa kiasi cha shaba na zinki likataliwe na wote kwa pamoja. Mteja mmoja hasikilizwi kiwandani, kikundi kizima kitasikilizwa. Vikundi vinavyonunua vifaranga kwa pamoja tayari vipo, na vinaweza kutenga fedha za kipimo cha kwanza kabla ya kuagiza kundi lijalo.