Kati Kati: Fumbo Lisilo na Mfumbiwa

Niseme mapema tusije tukagombana baadaye: Kati Kati, filamu ya Mkenya Mbithi Masya, ni nzuri kwa macho. Ina dakika 75 tu, lakini kila picha imepangwa na mtu anayeijua kazi yake. Nyokabi Gethaiga anaigiza vizuri mno. Mwaka 2016, kwenye Tamasha la Filamu la Toronto, ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, na baadaye Kenya ikaichagua iiwakilishe kwenye Oscar. Ndiyo maana inaniudhi. Filamu mbovu huwezi kuidai chochote. Hii inadaiwa.

Kwa ambaye hajaiona: dada mmoja, Kaleche, anazinduka porini hakumbuki kitu. Mbele yake kuna nyumba kama zile loji za watalii. Waliopo wanampokea kwa furaha, kisha wanampa habari yenyewe: umekufa, kama sisi. Anayewaongoza ni Thoma. Ukitaka kitu unakiandika, unakipata. Kuondoka tu ndiyo huwezi, mpaka ukabiliane na jambo lililokufunga. Anayeshindwa anaanza kugeuka mweupe kama majivu. Hapo ndipo kutisha kunapoanza, na kwa kweli kunatisha.

Ni fumbo, nani asiyeona? Nchi ina wafu ambao haijazungumza nao. Mmoja wao ni King, anayeigizwa na Peter King Mwania, mtu wa dini mwenye hatia ya damu iliyomwagika kwenye vurugu za baada ya uchaguzi. Ukimtazama unaikumbuka Kiambaa, karibu na Eldoret, Januari 1, 2008: kanisa lilichomwa moto watu wakiwa wamejificha ndani, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima.

Sasa filamu inaufanya nini mzigo huo? Inaugusa kwa ncha ya kidole, halafu inarudi kwa Kaleche na Thoma na mambo yao ya moyoni. Mauaji yanakuwa huzuni binafsi ya King. Nani alimtuma nani? Nani alilipa? Nani alinufaika? Kimya! Hatia ya siasa imepangwa foleni moja na hatia za majumbani, kana kwamba dawa ya zote ni mtu kukaa peke yake akalia.

Angalieni tarehe, jamani. Desemba 2014 kesi dhidi ya Uhuru Kenyatta kule The Hague iliondolewa. Aprili 2016 kesi ya William Ruto na Joshua Sang ikasitishwa. Septemba mwaka huohuo filamu ikaonyeshwa Toronto. Yaani mahakama hiyo haikumhukumu mkubwa hata mmoja kwa mauaji yale, halafu sanaa nayo inakuja kutuambia tatizo ni wafu kushindwa kujisamehe! Huko si kutibu kidonda, ni kukipulizia.

Najua jibu litakalokuja: "Wewe hujui sanaa. Sanaa haitaji majina." Ndugu zangu, Mswahili hafundishwi mafumbo. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Lakini fumbo la Mswahili lina mlengwa. Kwenye taarabu mwimbaji hamtaji mtu, ila ukumbi mzima unajua limemwendea nani, na mwenyewe kajua kabla ya wote. Khanga nayo ni hivyohivyo. Fumbo lisilomchoma yeyote si fumbo, ni pambo.

Huku kwetu Nangwa, chini ya Mlima Hanang, kifo hakimalizwi kwa ukungu. Desemba 3, 2023, tope na mawe vilipoporomoka kutoka mlimani, vikaizoa Katesh na kuua watu zaidi ya 80, neno "msiba" peke yake halikumtosha mtu. Tuliuliza: imetokea nini? Ni volkano? Serikali ikaeleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Kama mlima umetakiwa kutolewa maelezo, itakuwaje kwa binadamu aliyeshika kiberiti?

Wengine wataniuliza Mtanzania ana nini na mambo ya Kenya. Ana mengi! Januari 2001 watu walipigwa risasi Unguja na Pemba. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wetu, watu waliuawa, intaneti ikazimwa, na idadi ya waliokufa ikageuka ubishi. Siku moja kijana wa Kitanzania mwenye kipaji na kamera nzuri atatengeneza filamu ya wafu hao. Atashawishika kuwaweka kwenye loji nzuri isiyo na anwani, waongee na dhamiri zao, naye apigiwe makofi ughaibuni.

Namwomba kitu kimoja tu. Kama anaogopa kutaja majina, na hofu hiyo naielewa, basi afumbe fumbo litakalomkosesha mtu usingizi. Waliouawa hawana la kujisamehe. Wanaodaiwa wako hai.