Aliyekombolewa Hanunui Maua ya Kahawa

Neno ukombozi halikuanzia kanisani. Lilianzia sokoni na shambani. Mtu aliyeweka baiskeli yake rehani, siku akilipa deni husema ameikomboa. Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, ndugu akifilisika hata akauza shamba lake, jamaa yake wa karibu anatakiwa aje alikomboe. Na akifikia kujiuza mwenyewe, akombolewe naye. Mtume Paulo alipolichukua neno hilo kueleza kazi ya msalaba, wasikiaji wake walielewa mara moja: kuna mtu aliyebanwa, kuna gharama, na kuna aliyeilipa.

Sisi wa Ngara na Biharamulo tumelifanya neno hili kuwa la Jumapili. Tunalitolea ushuhuda, tunaliimbia, tunalilia machozi. Halafu Jumatatu tunamfunga jirani kwa kamba ileile tuliyofunguliwa.

Nazungumza juu ya butura. Hakuna mkulima wa kahawa mkoani Kagera asiyeijua, ingawa katika mafundisho yetu ya kipaimara haimo. Januari watoto wanadai sare na madaftari, mgonjwa yuko hospitali, maharage ya akiba yamekwisha. Kahawa bado ni maua, au ni punje mbichi za kijani. Anakuja mwenye fedha, anainunua ikiwa mtini, kwa bei anayoitaka yeye. Mavuno yakifika anarudi na magunia kuchukua chake.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kilo ya maganda msimu ukifunguliwa ni shilingi 3,000, na mwenye shida alipewa shilingi 1,000 kwa kilo mwezi wa pili. Kwa kilo 100 alipokea shilingi 100,000, akatoa mali ya shilingi 300,000. Kwa miezi mitano tu! Hakuna benki yenye riba ya namna hiyo. Na mwakani atarudi kuuza maua tena, kwa sababu mavuno ya mwaka huu yalikwisha kabla hayajaiva.

Viongozi wa serikali wameipiga marufuku mara nyingi. Lakini siandiki kwa ajili ya serikali. Nauliza kanisa, kwa kuwa baadhi ya hao wanunuzi tunakaa nao benchi moja, na wakati wa harambee ya mabati ndio tunaowaita mbele kwanza na kuwapigia makofi. Makofi hayo ni ya kahawa ya nani?

Nimesikia majibu. La kwanza ni kwamba mkulima alikubali mwenyewe, hakulazimishwa. Sawa, na Esau alikubali mwenyewe kuuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula, maana alikuwa na njaa. Makubaliano ya mwenye njaa na mwenye shibe si makubaliano ya watu wawili walio sawa. Torati ilijua hivyo, ndiyo maana ikakataza kutafuta faida kwa ndugu maskini (Kutoka 22:25).

La pili ni zito zaidi: bila butura mtoto wa yule mama angekosa sare, na kanisa halikumpa chochote. Hapa nakiri kwamba wanunuzi wanasema kweli. Kanisa linalokemea butura huku halina hata shilingi ya kumkopesha mjane mwezi wa pili linapiga kelele tu. Lakini tuna vikundi vya kuweka na kukopa karibu kila mtaa. Mtaa wenye kaya 80, kila kaya ikiweka shilingi 5,000 wakati wa kuvuna, una shilingi 400,000. Fedha hiyo, ikikopeshwa bila riba mwezi wa pili, inaweza kukomboa kahawa ya kaya kadhaa. Nimetumia neno kukomboa kwa makusudi.

La tatu ndilo linalonikera: kwamba tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo, hivyo tusiletewe mambo ya kahawa. Msomeni Zakayo (Luka 19). Yesu aliingia nyumbani kwake kabla hajalipa hata senti. Hiyo ndiyo neema. Lakini neema ilipokwisha kuketi mezani, Zakayo mwenyewe, bila kuombwa, akaanza kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliowadhulumu. Angeendelea kula na Yesu huku daftari la madeni limefichwa chini ya mkeka, tungesema wokovu umefika nyumba ile?

Wazee wetu wa uamsho walilijua jambo hili kuliko sisi. Moto ule uliowaka Gahini, mashariki ya Rwanda, miaka ya 1930, ulivuka ukaingia kwetu kaskazini-magharibi ya Tanganyika kupitia Katoke kabla ya miaka ile kumi kwisha. Watu waliovunjika chini ya msalaba walirudisha vitu: mali ya mwajiri, fedha ya watu, mnyama wa jirani. Waliona aibu, wakarudisha hivyo hivyo. Sisi tumerithi nyimbo zao, na kurudisha tumekuacha makaburini kwao. Wala nyimbo peke yake hazilindi watu. Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, tulijifunza kwamba nchi iliyojaa wabatizwa inaweza kumwagika damu. Mabaya ya namna ile hayaanzi kwa panga. Huanza pale jirani anapohesabika kuwa windo.

Nao majirani wa kuwindwa hatujawakosa. Wako Warundi wanaovuka kuja kulima mashamba yetu. Mtu analima msimu mzima kwa ahadi, anakula mihogo ya mwenye shamba, na siku ya kulipwa anatishiwa kuitiwa Uhamiaji. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera, Kigoma na Geita, wako walioondoka na mazao yao yakiwa bado ardhini. Nani aliyavuna? Kumbukumbu la Torati 24 inataka kibarua alipwe siku ileile kabla jua halijachwa, awe ndugu au mgeni. Kibali cha kuishi nchini ni kazi ya Uhamiaji. Ujira wa mtu ni kazi yako wewe uliyemwajiri.

Basi wazee wa kanisa waache kuuliza ni nani atatoa zaidi kwenye harambee, waulize fedha imetoka wapi. Na mwenye daftari la butura alifungue mwaka huu kabla ya mavuno. Aende kwa mwenye shamba, achukue kilo zinazolingana na fedha aliyotoa kwa bei ya msimu, zilizobaki amwachie mwenyewe. Aende mchana, na mke wa mkulima awepo, maana mara nyingi kahawa ile iliuzwa bila yeye kuambiwa.