Nani Kasema Tunduma Hakuna Chakula?



Kuna maneno yametuchosha na leo tunayajibu. Bi harusi akichumbiwa na kijana anayefanya kazi bara, khaswa mikoa ya mbali kama Songwe, hajapakwa hina keshaanza kutishwa. "Huko utakula nini mwanangu? Huko kitimoto tupu! Chukua biskuti zako." Siku ya safari anafungiwa mikate na visheti kama anayekwenda vitani.

Sisi tunaofuata vitenge Tunduma kila baada ya miezi michache tunasema wazi: wengi wanaosema hayo hawajafika hata Chalinze.

Tunduma ni mji wa mpakani. Ukivuka tu uko Nakonde, Zambia. Tangu 2019 pana kituo cha pamoja cha forodha, na malori ya Zambia na Kongo yanapanga foleni barabarani. Palipo na madereva pana mapishi, na palipo na biashara namna hiyo Waislamu wapo na misikiti ipo. Mkoa wenyewe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni wa wakulima. Mbozi inatoa mahindi, maharage na kahawa. Mchele wa Mbeya, ambao kwetu mtu akiupikia pilau anatangaza mtaa mzima, huko ni wa jirani. Sasa njaa itatoka wapi?

Sisi tuna mgahawa wetu mtaa wa Majengo. Meza chache za mbao, ndoo ya maji yenye bomba ya kunawia, na mama wa Kiislamu mwenye kauli nzuri. Asubuhi tunakunywa supu ya ng'ombe yenye ndimu na pilipili, kwa chapati za moto, maana baridi ya kule mwezi wa Juni na Julai inaingia mifupani. Mchana kuna wali maharage, na maharage yenyewe mabichi mapya, yanaiva laini bila magadi. Kuna ugali kwa dagaa wa Ziwa Tanganyika, waliokaangwa wakakauka kisha wakarostiwa kwa nyanya na kitunguu. Ukivuka mpaka chakula hichohicho wanakiita nshima na kapenta. Kuna ndizi nyama. Siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini, wanakuta kuku wa kienyeji. Pembeni ya sahani hakukosekani kipande cha parachichi.

Lakini kinachotupeleka pale kwanza ni majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga za kutwanga. Hapo ndipo wenzetu wa kisiwani wanapokunja uso: "Hakuna nazi!" Jamani, minazi itote wapi kwenye milima ile? Karanga inafanya kazi ya tui, na inafanya vizuri. Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa akikitia kasoro chakula, akikipenda anakula, asipokipenda anakiacha. Sisi tunaojiita watu wa dini tunamwekewa sahani na mwenyeji, tunauliza kwa sauti kubwa kama hii ndiyo mboga au bado. Hiyo ni sunna ya nani?

Tukishasema hivyo, tuwageukie na wengine, wale wanaokula popote kisha wanasema "Allah anajua nia yangu." Kitimoto kweli kipo, kinauzwa waziwazi, hatuwadanganyi. Wengi wanadhani wakiagiza chipsi kavu wamesalimika. Je, mafuta yaliyokaangia chipsi yamekaanga nini asubuhi? Kisu na ubao vimekata nini? Neno "halali" ukutani mtu yeyote mwenye kopo la rangi anaweza kuliandika.

Kwa hiyo uliza. Nani kachinja? Nyama inatoka bucha gani? Sufuria na mafuta ni ya kazi hiyo tu? Yule mama wa Majengo siku ya kwanza hakununa tulipomuuliza. Alitupeleka jikoni tukaona wenyewe. Mgahawa wa kuaminika unajulikana hapo: mwenyewe haogopi mlango wa jiko lake ukifunguliwa. Ukiona mtu anafoka kwa swali la adabu, simama, lipia chai yako, uende zako.

Na tunasisitiza neno adabu. Kule Geita mwaka 2013 ugomvi wa nani achinje ulifika hadi kutoa roho ya mtu. Swali la halali linaulizwa kwa upole na kwa siri, bila kumtangazia mtu wa dini nyingine kwamba chakula chake kinakutia kinyaa. Ukishaambiwa na Muislamu mwenzako kwamba ni halali, piga bismillahi ule. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba watu walimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu nyama wanayoletewa na waliosilimu karibuni, hawajui kama imetajiwa jina la Allah. Aliwaambia walitaje wao, wale. Kumshuku Muislamu bila sababu hakumwongezei mtu uchamungu.

Hili si jambo la tumbo tu. Bi harusi anayefika ugenini akikataa kila sahani ya jirani, jirani ataacha kugonga mlango. Na jirani huyohuyo ndiye atakayemshika mkono usiku wa uchungu wa kujifungua, mama yake mzazi akiwa ng'ambo ya bahari, zaidi ya kilomita 900 za barabara kutoka Dar es Salaam, na boti juu yake. Mnamfundisha kujitenga kwa ajili ya nazi?

Masomo na makungwi, tunakuombeni. Mnamfundisha mwari kujifukiza udi na kumpokea mume. Mfundisheni pia kuuliza kwa heshima, kula kwa shukrani, na kujifunza kutwanga karanga. Biskuti zitaisha siku ya tatu. Akishajua kuuliza, atakula halali popote mumewe atakapopelekwa.

Allah atujaalie rizki ya halali, na awape mabibi harusi wetu majirani wema na wao wawe majirani wema. Amin.