Mwalimu Msahaulifu na Mwanafunzi Asahauye

Ndugu walimu, yafaa tuanze kwa kukiri: sisi tuandikao makala haya ni wasahaulifu. Funguo, miadi, miwani na majina ya watu hututoka kama maji katika pakacha. Kwa miaka mingi tuliuficha udhaifu huu, kwa kuwa mkufunzi hutazamiwa awe mtu wa kumbukumbu. Leo tumeona heri tuuseme, maana umetufunza jambo juu ya ufundishaji ambalo hatukulipata katika masomo yetu ya stashahada.

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulisafiri kutoka Biharamulo kwenda kuwakagua wanachuo wetu katika shule za Ngara. Basi lilipita Lusahunga, likapita Nyakahura, na tulipoteremka Benaco kubadili gari tukafungua mkoba. Fomu za tathmini hazikuwemo. Zilibaki mezani nyumbani. Kurudi hakukuwezekana. Tulinunua daftari dukani, tukachora fomu kwa rula na kalamu, tukaendelea na safari. Mwalimu mkuu alipoziona fomu zetu alicheka kidogo, akatukaribisha chai. Habari ikaishia hapo.

Asubuhi hiyo hiyo tuliingia darasa la nne, tukamkuta mtoto amepigishwa magoti kando ya ubao. Kosa lake ni kwamba alisahau saba mara nane. Jana yake alikuwa ameitaja sawasawa pamoja na wenzake, leo imemtoka. Tuliketi nyuma ya darasa na fomu zetu za kuchora, naye akitutazama. Waliosema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, hawakukosea. Sisi tuliosahau kazi nzima tulipewa chai. Yeye aliyesahau jibu moja alipewa sakafu. Nasi, kwa aibu yetu, mahali palipoulizwa nidhamu ya darasa tuliandika "nzuri".

Wakati wa mapumziko tulimwona mtoto yule yule akicheza bao chini ya mti, mashimo yamechimbwa mchangani. Alijua kete zake na za mwenzake shimo kwa shimo, wala hakuhesabu upya. Basi kumbukumbu yake ilikuwa hai. Bao alilicheza kila siku, na kila zamu ilimlazimu kukumbuka ili aweze kuendelea. Saba mara nane aliiimba siku mbili, kisha somo likasonga mbele, na hakuna aliyemwuliza tena mpaka siku ya kuadhibiwa.

Jambo hili lina historia ndefu katika elimu ya nafsi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akazirudia baada ya muda mbalimbali, na kupima ni kazi kiasi gani imeokolewa. Aliona kwamba baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya kazi ile imepotea, na kwamba baada ya hapo upotevu huendelea polepole zaidi siku hata siku. Huyu alikuwa mtu mzima, msomi, aliyejifunza kwa hiari yake. Je, mtoto wa darasa la nne atawezaje kukwepa kanuni hiyo?

Tena katika wilaya zetu hizi mtoto ana mzigo wa ziada. Wengi wakiwa nyumbani huzungumza Kihangaza au Kishubi kule Ngara, na Kisubi, Kizinza au Kisukuma huku Biharamulo. Anapofika shuleni hubeba mambo mawili kwa pamoja: somo lenyewe, na maneno ya Kiswahili yanayolieleza. Akidondosha moja, mwalimu huona kwamba amedondosha yote mawili, na kumwita mvivu.

Walakini kusahau si hasara tupu. Mtu msahaulifu hujifunza kuandika, kuuliza, na kutayarisha mapema. Sisi wenyewe hatuwezi kufundisha kwa andalio la somo la mwaka jana, kwa kuwa tumelisahau. Hapana budi tulitayarishe upya, na mara nyingi huwa bora kuliko lile la kwanza. Hata katika kujifunza, kusahau kidogo kuna kazi yake. Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio yaliyolinganisha wanafunzi waliosoma habari na kuisoma tena, na wengine waliosoma kisha wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walioijaribu kumbukumbu yao ndio waliokumbuka zaidi. Jitihada ya kukitafuta kilichoanza kupotea ndiyo inayokikaza.

Hatusemi kwamba msahaulifu hana hatia kamwe. Mwaka mmoja tulimwahidi mwanachuo kwamba tungemkagua siku ya Alhamisi, tukasahau. Alitundika zana zake ukutani siku mbili akitungoja, na wanafunzi wakaanza kumdhihaki kwamba mgeni wake hayupo. Kosa hilo lilikuwa letu. Tulijijua kuwa wasahaulifu na hatukuandika popote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi kadhalika. Mtoto hajapewa daftari hilo la kujilinda. Ni wajibu wa mwalimu kumpa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila somo lianze kwa dakika tano za maswali ya kukumbuka: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Madaftari yafungwe. Kila mtoto aandike jibu lake kwenye karatasi au amnong'oneze jirani, ili hata darasa lenye watoto mia wote wafikiri, wala si wale wanne wa dawati la mbele. Maswali hayo yasitolewe alama. Pili, tuache kumaliza somo kwa kuuliza "Mmeelewa?" Jibu la "Ndiyo, mwalimu!" hutuambia kwamba watoto wana adabu, basi. Tatu, marudio yaandikwe katika azimio la kazi kama mada nyingine zote, kwa tarehe, kwani kisichoandikwa humo hakifundishwi.

Wako watakaosema kwamba bila hofu mtoto hatakumbuka. Twawajibu kwamba hofu humfanya akumbuke hofu. Hata kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zimeiweka adhabu hiyo kwa makosa makubwa ya nidhamu, chini ya mamlaka ya mwalimu mkuu, na kwa viboko visivyozidi vinne. Kusahau jedwali la kuzidisha hakumo katika makosa hayo, wala kupiga magoti hakujapata kumfundisha mtu saba mara nane.

Tumesahau mengi ya safari ile ya Ngara, hata jina la mada tuliyokwenda kuikagua. Mtoto aliyepiga magoti hatujamsahau, wala neno "nzuri" tuliloliandika yeye akitutazama. Kwa sababu hiyo twawaomba ninyi wanachuo mtakaokwenda mazoezini mwaka huu: mtoto akisahau, kabla ya kumwuliza kwa nini amesahau, jiulizeni ni lini mlimpa nafasi ya mwisho ya kukumbuka.