Bibi Asemapo, "Nendeni Tu, Mimi Nitabaki"

Kila ikaribiapo likizo ya shule, nyumba nyingi huingia katika mashauri ya safari. Vijana hutaja miji, baba huhesabu nauli, na watoto huanza kugombea kiti cha dirishani hata kabla ya tikiti kukatwa. Kisha hufika zamu ya bibi kuulizwa, naye hujibu kwa upole, "Nendeni tu wanangu, mimi nitabaki kuangalia nyumba." Hapo watu hushukuru moyoni kuwa jambo limekwisha kwa salama, wakaendelea na mashauri yao.

Sisi twaona kuwa halijakwisha. Neno lile mara nyingi si kukataa safari. Ni mtu mzima kukataa kuwa mzigo. Mwenye magoti mabovu hatamwambia mkwewe kuwa anaogopa ngazi. Aamkaye mara tatu usiku kwenda haja hatasema mbele ya wajukuu kuwa hawezi kulala katika chumba ambacho choo chake kiko mwisho wa ukumbi. Wako wazee ambao siku ya safari hawanywi maji tangu alfajiri, wala hawamwelezi mtu sababu yake, mpaka wapatwe na kizunguzungu njiani. Na sababu yenyewe ni kuogopa tu kumwomba dereva asimame. Haya si mambo ya kuulizwa mtu kikaoni, watu wote wamemkodolea macho.

Basi yafaa aendewe faraghani na yule azungumzaye naye kwa uhuru, binti yake au mjukuu wa kike aliyekwisha kuwa mtu mzima. Wala asiulizwe kama atakwenda au hatakwenda. Aulizwe hali zake: ngazi ngapi azipanda bila ya kushika ukuta, alala saa ngapi, ala nini na saa ngapi, achuchumaa au ataka choo cha kukaa, dawa zake ni zipi. Zikisha kujulikana hizo, ndipo mji uchaguliwe na siku zihesabiwe. Na lau baada ya hayo yote bado atasema kuwa ataka kukaa kwake, aachwe na asadikiwe. Mzee naye ana haki ya kupenda kitanda chake, na wako waburutwao safarini ili watoto wao waonekane kuwa wamewatendea wema.

Tuchukue mfano wa safari ambayo jamaa wengi wa Dar es Salaam na Morogoro huipenda, ya kwenda mjini Unguja. Kwa boti za kasi ni mwendo wa kama saa mbili tu, lakini bahari ina tabia zake. Miezi ya Kusi upepo ukishika kasi mawimbi huwa makubwa, na boti ya asubuhi kwa kawaida hukuta maji yaliyotulia kuliko ya alasiri. Vile vidonge vya kuzuia kichefuchefu cha bahari visigawiwe ovyo kama peremende. Huleta usingizi, na kwa mzee huweza kumchanganya akili au kugongana na dawa zake nyingine, basi daktari aulizwe kabla. Dawa za sukari na za presha zikae katika mkoba wa mkononi pamoja na vitambulisho, zikizidi siku za safari kwa siku mbili au tatu. Zisitiwe katika sanduku litakalorundikwa chini ya mizigo ya watu wengine.

Jambo lipasalo kushughulikiwa kuliko yote ni mahali pa kulala. Nyumba za Mji Mkongwe ni ndefu, ngazi zake ni za kusimama, na nyingi katika nyumba za wageni hazina lifti. Tena vichochoro vyake ni vyembamba hata gari haliingii, wala mwenye nyumba hakuambii hayo mpaka umwulize. Chumba kizuri cha ghorofa ya tatu chenye kuiona bahari ni kifungo kwa mwenye magoti: akishuka asubuhi, hapandi tena mpaka usiku, au akipanda, hashuki. Kabla ya kulipa, pigeni simu mwulize: kiko chumba cha chini? Gari lafika mlangoni, au ni kutembea, na kutembea kwenyewe ni hatua ngapi? Choo kimo ndani ya chumba? Kwa jamaa wenye wazee twapendelea ukingoni mwa mji, upande wa Shangani au Malindi, au karibu na barabara kubwa ya Darajani, kuliko katikati ya vichochoro, ijapokuwa huko katikati ndiko kuzuri kutazamika.

Ama ratiba ya mchana, kosa ni lile lile kila mahali: kutaka kuumaliza mji. Mtume (s.a.w.) alimwamuru asalishaye watu asiirefushe Sala, kwa kuwa nyuma yake wamo wadhaifu, wagonjwa na wazee, na mwenyewe alipokuwa akisikia mtoto mchanga analia, aliifupisha. Ikiwa Sala yenyewe hukadiriwa kwa hali ya walio dhaifu, matembezi ni nini? Kitu kimoja asubuhi kabla ya jua kuwa kali, kisha kurudi, kula, Adhuhuri na usingizi. Kitu kimoja baada ya Alasiri. Basi. Mtoto wa miaka minne na babu wa miaka themanini wahitaji usingizi wa mchana sawasawa, na katika nyumba ya safari wao wawili ndio wapatanao zaidi.

Kwa bahati, Mji Mkongwe una kitu ambacho miji mingi mikubwa imekipoteza, nacho ni baraza. Mbele ya nyumba nyingi pamejengwa baraza za mawe pande mbili za mlango, na wenyeji hukaa hapo kuzungumza, kucheza bao na kunywa kahawa. Hata mvua kubwa ikijaza maji kichochoroni, watu hupita juu yake. Kwa mzee, hii maana yake ni kuwa kila baada ya hatua chache pana kiti. Atoe salamu, akae, apumzike. Hapana atakayemfukuza, na pengine ataulizwa ni wa wapi na ukoo gani, yakafuatia mazungumzo ya nusu saa. Msimharakishe. Nyinyi mmekuja kuona milango ya kuchonga. Huenda yeye amekuja kwa nusu saa hiyo. La kuangalia ni pikipiki na baiskeli, ambazo hupita katika vichochoro hivyo hivyo. Basi mtoto ashikwe mkono upande wa ukutani.

Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondoka, yafaa sana kwa kundi lenye umri mchanganyiko: uwanja wake ni tambarare, watoto wapata pa kukimbia na wazee pa kukaa. Beit al-Ajaib iko jirani, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash. Sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, basi hali yake iulizwe kabla ya kuwaahidi watoto kuwa wataingia. Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hata lilipofungwa mwaka 1873, ni mahali ambapo kila kijana wa Afrika Mashariki yampasa kupaona. Lakini vile vyumba vya chini vina dari fupi na hewa nzito; mzee mwenye pumu asishuke, wala mtoto mdogo asipelekwe kutishwa. Aende kijana wa miaka kumi na mitatu pamoja na baba yake, na jioni asimulie alichokiona.

Wala si lazima watu wote waende kila mahali. Safari ya Changuu, kwenye kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, ni furaha kuu kwa watoto; lakini mashua hupandwa kwa kukanyaga maji na kujivuta juu, na bibi hana haja ya kuinuliwa makwapani mbele ya manahodha. Waende ami na wajukuu. Yeye apelekwe Darajani na mmoja wa binti zake, naye akabidhiwe mfuko wa fedha: achague yeye iliki, mdalasini na karafuu, na bei apatane yeye. Twalisisitiza hili. Aliyekuwa akilishwa, akishikwa mkono na kuulizwa kila saa kama amechoka, ghafla awa ndiye ajuaye, na wajukuu wenye kumbeba kapu ndio wanafunzi. Na kama babu yuko, awaeleze kwa nini mahali hapo paitwa Darajani ilhali daraja halionekani: zamani palikuwa na hori la maji lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, likaja kufukiwa.

Jioni ni ya Forodhani, na hapo hapahitaji maelezo. Wazee wakae kwenye viti vya bustani, watoto watazame vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani. Katika kula, chagueni kile kichomwacho mbele ya macho yenu kikiwa cha moto. Samaki na pweza waliokaa mezani tangu alasiri si chakula cha tumbo la mtoto wala la mzee.

Misikiti ni mingi mjini, lakini si kila msikiti una mahali pa wanawake, na jamaa nyingi hulikumbuka hilo adhana imekwisha kulia. Hii ni sababu nyingine ya kulala karibu na kurudi mchana.

Yuko mmoja ambaye hatujamtaja, na kwa kawaida hatajwi. Ni mke wa nyumba, mkwe wa wazee na mama wa watoto. Safari iitwayo ya mapumziko yaweza kuwa kwake ni kazi ile ile ya nyumbani bila ya jiko lake: amwoshe mtoto, amwandalie mama mkwe maji ya moto, atafute kiatu kilichopotea, huku mumewe akipiga picha. Kabla ya kuondoka kazi zigawanywe kwa majina. Dawa za babu ni juu ya mwanawe, si juu ya mkwewe. Mtoto wa miaka kumi aweza kubeba chupa ya maji ya bibi, na ataona fahari kwa kazi hiyo. Na katika siku zote hizo, mama apewe alasiri moja ya kwenda atakako peke yake au na shoga yake, bila ya kuulizwa atarudi saa ngapi. Fedha nazo, ndugu wakichangiana, zizungumzwe na kumalizwa nyumbani, zisifikishwe masikioni mwa wazee safarini, mzee akisikia wanawe wakibishana juu ya gharama za chumba chake, mwaka ujao atajibu lile lile, "Nendeni tu."

Siku ya kurudi isipangiwe kitu. Ikatwe boti ya asubuhi, vitu vifungwe usiku wa kuamkia siku hiyo, na bibi apewe kiti karibu na mlango na karibu na choo, hata kama kile cha dirishani kiko wazi. Shule ikifunguliwa Jumatatu, rudini Jumamosi.